Habermas au Taylor: uanze na nani ukitaka kuelewa dini ilivyorudi kwenye falsafa?

Mwaka 1968 mwanasosholojia Peter Berger aliliambia gazeti la New York Times kwamba ikifika karne ya 21 waumini watakuwa wamebaki vikundi vidogo, wamekumbatiana kujikinga na utamaduni wa kisekula, yaani usioegemea dini, ulioenea dunia nzima. Mwaka 1999 Berger huyohuyo alihariri kitabu kinachosema kinyume chake: ukiacha Ulaya Magharibi na tabaka dogo la wasomi, dunia imejaa dini kama ilivyokuwa siku zote. Kati ya tarehe hizo mbili Iran ilimng'oa mfalme wake mwaka 1979, wafanyakazi wa Poland waliitikisa serikali ya kikomunisti huku Kanisa Katoliki likiwa nyuma yao, na wainjilisti wa Marekani waliingia siasani wazimawazima. Wanasosholojia walisalimu amri mapema. Wanafalsafa walijikokota, na walipoamka, wawili ndio waliobeba uzito wa mjadala kuliko wengine: Jürgen Habermas wa Ujerumani na Charles Taylor wa Kanada.

Wote wawili ni wagumu kusoma, wote wana vitabu vinene vya kutisha, na watu wengi huwataja kwa mkupuo mmoja kana kwamba wanasema jambo lilelile. Sivyo. Anayeuliza aanze na yupi anastahili jibu la wazi. Langu ni hili: kama kinachokusumbua ni sheria na mabishano ya hadharani, anza na Habermas, kama kinachokusumbua kiko moyoni, au nyumbani kwako mwenyewe, anza na Taylor. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki ningesema Habermas kwanza, ingawa ukiniuliza nani ninayempenda zaidi, ni Taylor.

Mjerumani asiye na sikio la dini

Habermas alizaliwa Düsseldorf mwaka 1929 na utawala wa Hitler ulianguka yeye akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Ukilishika hilo umeshika nusu ya falsafa yake. Maisha yake yote alikuwa akiuliza watu wasio na imani moja wataishije pamoja kwa kusikilizana hoja badala ya kutunishiana misuli. Kuhusu dini mwenyewe hakujiona kuwa na kipaji hicho. Aliazima maneno ya mwanasosholojia Max Weber akajieleza kuwa mtu asiye na sikio la muziki wa kidini. Katika kazi yake kubwa ya mwaka 1981 aliona kwamba nguvu iliyokuwa ndani ya vitu vitakatifu inahamia taratibu kwenye makubaliano ya wanadamu wenyewe. Dini ilifanya kazi yake, sasa mazungumzo yachukue nafasi.

Kwa hiyo watu walishtuka tarehe 14 Oktoba 2001. Siku hiyo alipokea Tuzo ya Amani ya wauza vitabu wa Ujerumani katika Paulskirche, Frankfurt, mwezi mmoja tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Wengi walitegemea atapiga dini nyundo. Badala yake alizungumzia imani na maarifa kwa upole ambao hakuwa ameuonyesha kabla. Alisema dhambi ilipogeuzwa kuwa kosa la kisheria, kuna kitu kilipotea njiani. Kisha akachukua aya ya Mwanzo kwamba Mungu alimuumba mtu kwa mfano wake, akaonyesha kuwa hata asiyeamini anaweza kusikia ndani yake onyo dhidi ya wataalamu wa vinasaba wanaotaka kupanga mtoto awe wa namna gani kabla hajazaliwa. Muumba akiwa Mungu, viumbe wote wako sawa. Muumba akiwa binadamu mwenzako, huo usawa umekwisha.

Hapo ndipo Habermas anapopatikana mzima. Hakusema tumwamini Mungu. Alisema lugha ya dini ina akiba ambayo akili ya kisekula haijaimaliza, na mwenye busara haitupi.

Miaka miwili na miezi baadaye, Januari 2004, alikaa meza moja na Kardinali Joseph Ratzinger katika Chuo cha Kikatoliki cha Bavaria, Munich. Ratzinger alikuwa bado msimamizi wa mafundisho ya imani Vatican. Mwaka uliofuata akawa Papa Benedikto wa 16. Mada ilikuwa kama dola huru lina misingi ya kimaadili iliyotangulia siasa. Nyuma ya mada kulikuwa na msemo maarufu wa mwanasheria Ernst-Wolfgang Böckenförde wa miaka ya 1960: dola huru la kisekula linaishi kwa mambo ambayo lenyewe haliwezi kuyahakikisha. Kwa maneno mengine, sheria inategemea raia waungwana, lakini sheria haiwezi kuzaa uungwana.

Habermas alijibu kwamba katiba ya kidemokrasia inaweza kujisimamisha kwa hoja bila kuegemea msahafu wala Biblia, ila mshikamano wa raia unaweza kukauka, hasa pale soko linapoingia kila mahali, na dini ni mojawapo ya visima vya mshikamano huo. Ratzinger naye alikiri kwamba dini ina magonjwa yake, akataja ugaidi, kisha akasema akili pia ina magonjwa yake, akataja bomu la atomiki. Kila upande uwe tayari kusafishwa na mwenzake. Mjadala huo umechapishwa kama kijitabu chembamba, na kwa mtu mwenye jioni mbili tu za kusoma, hakuna mlango mwepesi zaidi wa kuingilia mada hii.

Sharti la tafsiri, na ukurasa wa kwanza wa Hansard

Mchango wa Habermas unaobishaniwa zaidi ulikuja mwaka 2005. Ili kuuelewa inabidi kumtaja John Rawls wa Marekani, aliyesema kwamba raia wanapojadili mambo ya msingi ya katiba watumie hoja ambazo wenzao wa imani nyingine wanaweza kuzikubali. Mwaka 1997 Rawls alilegeza kidogo: waweza kuleta hoja ya dini, mradi kwa wakati wake ulete na ya umma inayotosha. Wapinzani wakauliza, mbona mzigo wote wa kutafsiri ni wa muumini? Mtu ambaye imani ndiyo pumzi yake unamwambia aivue mlangoni kama kofia?

Habermas aliona wana haki, akagawanya uwanja mara mbili. Huku nje, kwenye magazeti, mikutano na barabarani, sema kwa lugha ya dini yako utakavyo; hata kama hujui kutafsiri, sema tu, wengine watakusaidia. Lakini kuna kizingiti. Ukishaingia bungeni, mahakamani au wizarani, hoja inayohesabika ni ile inayoeleweka kwa wote. Na asiye na dini naye anapewa kazi: asichukulie kwamba anachosema muumini ni upuuzi tangu mwanzo, ashiriki kutafuta kilichomo ndani yake. Alifika mbali kiasi cha kusema kanuni za bunge zimpe spika uwezo wa kuondoa maneno ya kidini kwenye kumbukumbu rasmi.

Sasa fungua Hansard yoyote, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ya Bunge la Tanzania. Mwanzoni kabisa, kabla ya maswali kwa mawaziri, utakuta neno DUA, na chini yake imeandikwa kwamba Spika au anayekalia kiti alisoma dua. Hii ni nchi ambayo katiba yake, ibara ya 3, inasema ni ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Na wimbo wa taifa unaanza kwa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Kenya vilevile: ibara ya 8 ya katiba ya 2010 inasema hakuna dini ya taifa, lakini utangulizi wa katiba hiyohiyo unaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu.

Habermas angeona hapo kizingiti kilichotobolewa. Mimi naona kizingiti cha aina nyingine. Dua inasomwa, kisha muswada unajadiliwa kwa lugha ya bajeti na vifungu. Ni nadra mbunge kusimama akasema kodi ipandishwe kwa sababu Mtume au Paulo alisema hivyo, na akifanya hivyo wenzake hucheka au humwambia akae. Sharti la tafsiri kwetu linafuatwa bila mtu kuliandika.

Mkanada anayeuliza swali jingine kabisa

Taylor alizaliwa Montreal mwaka 1931, mama Mkatoliki msemaji wa Kifaransa, baba Mprotestanti msemaji wa Kiingereza. Mwaka huohuo kule Kitui alizaliwa mwanatheolojia John Mbiti, ambaye mwaka 1969 aliwaambia wasomi wa dunia kuwa kwa Mwafrika dini haina siku yake maalumu wala jengo lake maalumu, iko kwenye kila kitu. Ingekuwa raha kuwaona wawili hao meza moja. Taylor si mtu wa maktaba tu: mwaka 1965 aligombea ubunge katika jimbo la Mount Royal akashindwa na Pierre Trudeau, ambaye baadaye akawa waziri mkuu.

Kitabu chake kikubwa, *A Secular Age*, kilitoka mwaka 2007, kikiwa kimekua kutoka mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1999. Kina kurasa zaidi ya mia nane. Swali lake linaingia kwenye sentensi moja: ilikuwaje mwaka 1500 katika jamii za Magharibi karibu ilikuwa haiwezekani kutomwamini Mungu, na mwaka 2000 watu wengi huko wanaona kutoamini ni jambo rahisi, wengine hata haliepukiki?

Angalia asichouliza. Haulizi dini iruhusiwe wapi. Haulizi hata ni wangapi wanakwenda kanisani. Anatofautisha usekula wa aina tatu: wa kwanza ni ule wa dola na nafasi za umma kuondolewa Mungu, wa pili ni wa watu kuacha kusali, na wa tatu, ndio wake, ni wa mazingira ya kuamini kubadilika. Katika usekula wa tatu hata aliye mchamungu kuliko wote anajua kwamba jirani yake mwema haamini, na kwamba angeweza kuwa kama yeye. Imani imekuwa chaguo kati ya machaguo. Ukisali mara tano au ukienda misa kila siku, kumbukumbu hiyo inabaki nawe.

Adui wake mkubwa ni zile simulizi anazoziita za kutoa: toa ushirikina, toa makasisi, toa hofu ya jehanamu, kinachobaki ni binadamu halisi aliyekuwepo muda wote chini ya takataka. Taylor anasema hakuna kilichokuwa kinangoja chini. Mtu wa kisasa ametengenezwa, na sehemu kubwa ya waliomtengeneza ni watu wa dini wenyewe, wanamageuzi waliotaka kila Mkristo wa kawaida aishi kwa nidhamu ya mtawa.

Kurasa zake nzuri kuliko zote ni za nafsi mbili. Ya zamani ilikuwa na matundu: nguvu za nje huingia na kutoka. Kengele za kanisa zilipigwa kufukuza radi, wanakijiji walizunguka mipaka ya parokia kwa maandamano ili shamba lao lisidhurike, mfupa wa mtakatifu uliponya. Ya kisasa imezungushiwa ukuta: huzuni yangu ni kemia ya ubongo wangu, si mtu aliyenitupia kitu. Ukuta unatoa usalama na unatoa upweke pia.

Msomaji wa Pemba, Tanga au Bagamoyo akifika hapo huenda akatabasamu. Watu wangapi anaowajua wanakwenda kliniki asubuhi kuchukua dawa za presha, na jioni wanakunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji? Wangapi wanatoka hospitali ya rufaa wakapitia kwenye maombi kupakwa mafuta? Hawaoni mgongano wowote. Nafsi zote mbili za Taylor zimepanga nyumba moja, na hakuna aliyesubiri miaka mia tano. Taylor mwenyewe ni mkweli kuhusu mipaka yake: anasema tangu mwanzo anasimulia habari za Ukristo wa Kilatini, yaani wa Ulaya Magharibi, na kilichozaliwa nao, si dunia nzima.

Ukweli huo ni sifa na ni udhaifu. Msomi Saba Mahmood alimkosoa kwamba Ukristo huo haukukaa kwao. Ulikwenda kwa watu wengine na misheni na makoloni, na ukabadilika kwa kukutana nao. Kanisa la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, lilianza kujengwa mwaka 1873 kwenye kiwanja cha soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Huwezi kusimulia Uingereza ya karne ya 19 ilivyoona imani yake bila soko lile, na kwa Taylor soko lile halipo.

Walipokutana New York

Oktoba 2009 wote wawili walialikwa Cooper Union, New York, pamoja na wanafalsafa wa Marekani Judith Butler na Cornel West. Mazungumzo yalichapishwa mwaka 2011, na ndiyo mahali pazuri pa kuwaona wakivutana ana kwa ana.

Taylor alitupa swali: kwa nini dini tu? Dola lisiseme kwenye sheria zake kwamba Biblia imetufundisha hivi, sawa. Lakini lisiseme pia kwamba Marx ameonyesha dini ni kasumba, wala kwamba mwanafalsafa Kant amethibitisha kitu chema pekee ni nia njema. Raia wa dini, mfuasi wa Kant na mfuasi wa Marx wote wana misimamo ya ndani ambayo wenzao hawaikubali. Lugha ya dola isiwe ya yeyote kati yao. Kuitenga dini peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza ni mabaki ya hadithi ambayo Ulaya ilijisimulia kuhusu Mwangaza wake, ile zama ya karne ya 18 ya kuitegemea akili. Na nani, aliuliza, hakumwelewa Martin Luther King alipohubiri?

Habermas hakukubali. Alisema hoja ya Kant haikudai uwe mwanachama wa jumuiya, ushiriki ibada, na ukubali ufunuo. Ya dini inadai. Anayesema kwa niaba ya imani amesimama ndani ya historia na mwili wa waumini ambao mimi simo, na ndiyo maana tafsiri inahitajika.

Niliposoma mabishano yale mara ya kwanza nilimpa Taylor ushindi bila kusita. Bado naona ana hoja kubwa zaidi. Ila Habermas alikuwa ameona kitu ambacho Taylor anakiruka haraka mno: kuna waumini ambao wangeona ni matusi kuambiwa imani yao ni "msimamo" kama mwingine wowote. Shehe au askofu akisema neno la Mungu, hasemi maoni yake.

Wapime kwenye kesi

Kenya, 2010. Rasimu ya katiba ilikuwa na mahakama za Kadhi kwa ajili ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale tu ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Viongozi wengi wa makanisa walipinga. Mwezi Mei majaji wa Mahakama Kuu walitamka kwamba kifungu cha Kadhi kwenye katiba ya zamani kilikuwa kinakwenda kinyume na usawa. Tarehe 4 Agosti wananchi walipiga kura, karibu asilimia 67 wakasema ndiyo, na mahakama hizo zikabaki katika ibara za 169 na 170.

Sikiliza lugha iliyotumika. Wapinzani wengi hawakusema Uislamu ni batili. Walisema katiba isipendelee dini moja, na kodi ya wote isilipe mahakama ya wachache. Watetezi nao hawakusema sharia ni amri ya Mungu kwa Wakenya wote. Walisema kuna ahadi: ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza waliukodi kwa makubaliano ya 1895, na mwaka 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar waliandikiana kwamba makadhi watabaki. Usawa upande mmoja, mkataba upande wa pili. Pande zote mbili zilikuwa zimeshatafsiri. Ukimsoma Habermas halafu ukasoma magazeti ya Nairobi na Mombasa ya miezi ile, utaona kanuni yake ikifanya kazi mbele ya macho yako, na hakuna kati ya waliobishana aliyeihitaji ruhusa yake.

Lakini je, ndicho walichokuwa wanabishania? Nyuma ya usawa kulikuwa na hofu ya nchi kubadilika, na nyuma ya mkataba kulikuwa na uchungu wa watu wa pwani waliojiona wageni kwao. Hapo tafsiri ilificha zaidi ya ilivyoonyesha, na hapo Taylor anakuwa mwalimu bora, kwa sababu anakufundisha kusikiliza picha ya dunia iliyo chini ya hoja. Katiba hiyohiyo, ibara ya 26, inasema uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa. Hiyo ni sentensi ya biolojia, ya sheria au ya imani? Makanisa hayakuridhika nayo kwa sababu ya vifungu vinavyofuata kuhusu utoaji mimba. Kizingiti cha Habermas hakikuambii ufanye nini na sentensi ambayo imeshavuka ikiwa imevaa suti.

Kesi ya pili ni ya Taylor mwenyewe, na sijui mwanafalsafa mwingine aliyepimwa hadharani namna hii. Mwaka 2007 serikali ya Quebec ilimteua yeye na mwanahistoria Gérard Bouchard kuongoza tume kuhusu namna ya kuishi na tofauti za dini. Joto lilikuwa juu. Mji mdogo wa Hérouxville ulikuwa umetoa kanuni kwa wahamiaji zinazokataza kuwapiga wanawake mawe, mji ambao karibu hauna wahamiaji. Tume ilizunguka jimbo zima, ikasikiliza watu wa kawaida kwenye kipaza sauti, mengine ya kufedhehesha. Ripoti ya Mei 2008 ilipendekeza msalaba uliowekwa juu ya kiti cha spika wa bunge la Quebec mwaka 1936 uondolewe. Siku ileile bunge lilipiga kura kwa kauli moja kuubakisha. Ni urithi wetu, walisema.

Ripoti ilipendekeza pia kwamba walimu wavae hijabu au kilemba wakitaka, ila majaji, waendesha mashtaka, polisi na askari magereza wasivae alama za dini. Januari 2017 mtu mwenye bunduki aliingia msikitini katika Jiji la Quebec akaua waumini sita. Wiki chache baadaye Taylor aliandika kwamba haungi mkono tena pendekezo lile la alama. Alikuwa ameona linavyotumika kuwanyanyapaa watu. Mwaka 2019 jimbo lilipitisha sheria inayokataza alama hizo hata kwa walimu wapya. Msalaba wa bunge nao ukashushwa mwaka huohuo, miaka kumi na moja baada ya kushauriwa. Anayetaka kujua kama falsafa inaweza kuongoza sera, aanze na hadithi hii kabla ya zile kurasa mia nane.

Haya, wewe ni nani?

Mwanasheria, mwandishi wa habari, mbunge mtarajiwa, au mtu anayeishi kwenye makundi ya WhatsApp ambako kila hoja inafungwa kwa aya: chukua Habermas. Anza na mjadala wa Munich, kisha hotuba ya 2001, kisha insha yake kuhusu dini kwenye uwanja wa umma. Usiguse zile juzuu mbili za historia ya falsafa za mwaka 2019. Zina kurasa zaidi ya 1,700 na zinasimulia imani na maarifa tangu zama za manabii. Ukiwa na miaka miwili ya nafasi, hayo ni mengine. Jiandae kwa sentensi ngumu. Habermas haandiki kukupendeza, na mifano ya maisha anaitoa kwa mkono wa birika.

Mzazi wa Kiswahili aliyehamia Leicester, Toronto au Minneapolis, ambaye binti yake amerudi shuleni akauliza kwa nini sisi tunafunga na rafiki yake hafungi na ni mtu mzuri tu: huyo ni msomaji wa Taylor hata kama hajawahi kusikia jina lake. Swali la mtoto ndiyo usekula wa tatu. Habermas hana la kumwambia mzazi huyo zaidi ya kwamba serikali iwe na adabu. Taylor anamwonyesha kwa nini binti anauliza jambo ambalo bibi yake Lamu hakuwahi kuhitaji kuuliza, na kwa nini kumjibu kwa ukali hakutarudisha ulimwengu wa bibi. Asome utangulizi wa *A Secular Age*, sura za mwanzo za nafsi yenye matundu, kisha aruke hadi sura za mwisho. Katikati Taylor anazurura sana. Akitaka msaada, James K. A. Smith alitoa mwaka 2014 kitabu chembamba cha kuuongoza umma kwenye kile kinene, na kinafanya kazi hiyo vizuri.

Mwanafunzi wa theolojia au wa masomo ya Kiislamu huenda asiridhike na yeyote. Habermas atamwona anachimba dini kama mgodi: anachukua dhahabu ya maana na kuacha sala, funga na sijda kwenye kifusi. Si haki kamili, maana katika maandishi ya baadaye Habermas amekiri kwamba ibada ya pamoja ni kitu ambacho falsafa haikukimeza. Ila hisia hiyo naielewa. Taylor naye wakati mwingine anakushika mkono kwa upole hadi unagundua umefika mlango wa kanisa Katoliki. Kwa mwanafunzi huyo kuna mwanaanthropolojia Talal Asad, aliyezaliwa Madina mwaka 1932, ambaye kitabu chake cha mwaka 2003 kinauliza usekula wenyewe ulitoka wapi, na nani alipewa mamlaka ya kusema hiki ni dini na kile si dini. Hafanyi mambo kuwa rahisi na hatoi ushauri kwa serikali yoyote. Lakini akitoka hapo akirudi kwenye ibara ya 19 ya katiba ya Tanzania, inayotenga kazi za jumuiya za dini na za mamlaka ya nchi, ataanza kuuliza ni nani anayeuchora mpaka huo kila siku: msajili wa jumuiya, hakimu wa mirathi, au kadhi wa Zanzibar anayefanya kazi kwa sheria ya serikali huku mwenzake wa bara akiwa hana mahakama.